Kurudishiwa mfupa wa fuvu: picha za ubongo zinatuambia nini?

Swali: Mdogo wangu aligongwa na bodaboda, ubongo ukavimba wakamtoa kipande cha fuvu. Sasa wanataka kukirudisha, nyumbani wanasema ni urembo tu. Kweli?

Si urembo, ndugu yangu, waambie. Pale pasipo na mfupa ngozi inagandamizwa na hewa ya nje, mwangalie, akilala panajaa, akikaa panabonyea kama kisahani. Ubongo nao unabanwa, damu inapita kwa tabu na yale maji yanayouzunguka hayatembei vizuri, ndo maana wengine kichwa kinauma, kizunguzungu, wanasahau, hata mkono unazidi kulegea. Madaktari Grant na Norcross wa Marekani waliyaandika haya tangu 1939.

Swali: Picha zinaonyesha nini baada ya upasuaji?

Inategemea kipimo. CT ya kawaida, yaani eksirei inayopiga kichwa tabaka kwa tabaka, inaonyesha mfupa umekaaje na kama kuna damu imevuja, basi. Ila kuna CT ya kufuatilia damu, anachomwa dawa kwenye mshipa wanaangalia inavyofika kwenye ubongo, na kwa wengi damu inaongezeka, tena si upande uliozibwa kwa mfupa tu, hata ule mwingine! PET, kipimo cha kuchomwa dawa yenye mionzi kidogo, inaonyesha sehemu gani zinatumia sukari zaidi. Halafu kuna MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, ya ubongo ukiwa kazini, hii naipenda sana: mgonjwa analala ndani ya mashine anaambiwa gusa dole gumba na vidole vingine kimoja kimoja, nusu dakika hivi, pumzika, rudia, na mashine inafuata oksijeni ya damu kujua sehemu ipi imeamka.

Swali: Akiwekewa bamba la titaniumu badala ya mfupa wake, ataingia MRI?

Kwa kawaida ndiyo, titaniumu haivutwi na sumaku, ila waambieni kabla. Picha ya karibu na hilo bamba inaweza kuharibika kidogo.

Swali: Picha nzuri lakini mkono bado mzito, kwa nini?

Damu kurudi ni jambo moja, seli zilizokufa hazifufuki, zilizobaki inabidi zifundishwe kwa mazoezi. Mrekodi kwa simu kabla ya upasuaji akishika kikombe, akitembea, akitaja majina ya watoto, kisha rekodi tena kila baada ya wiki kadhaa umpelekee daktari, maana kuna anayebadilika ndani ya siku chache na kuna wa miezi. Akipata homa, usaha kwenye kidonda, degedege au usingizi mzito asioamka, usisubiri kliniki, mkimbize hospitali hapohapo.