Kibali cha Kangchenjunga: msibane siku

Oktoba na Novemba ndio msimu mkuu wa kwenda Pangpema, kambi ya msingi ya kaskazini ya mlima Kangchenjunga nchini Nepal, mita 5,143. Maswali tunayoletewa ni ya viatu na jaketi. Siku hazina anayeziulizia, na hapo ndipo watu wanapokwama.

Eneo hili lina kibali maalumu. Hutolewa na Idara ya Uhamiaji kupitia wakala aliyesajiliwa. Huombi mwenyewe, wala huendi bila mwongozaji mwenye leseni. Ada ni dola 20 kwa wiki, kwa wiki 4 za mwanzo. Ada ya hifadhi hulipwa kando. Vituo vya ukaguzi husoma tarehe zilizoandikwa, si maelezo yako ya mvua na barabara iliyokatika. Viza ya siku 15 (dola 30) haitoshi, kata ya siku 30 (dola 50). Ukipitiliza, utalipia siku za nyongeza pamoja na faini.

Anayekata kibali cha wiki 2 ili aokoe dola 20 huishia kuruka siku za kupumzika, ambazo mwili hutumia kuzoea kimo. Juu ya mita 3,000, vimo vya kulala vya usiku mmoja na unaofuata visipishane zaidi ya mita 500. Khambachen hadi Lhonak, vituo vya kulala njiani, ni kama mita 700. Kwa hiyo lala kijiji cha Ghunsa, kilicho chini yake, siku 2, Khambachen 2, ndipo upande Lhonak. Pangpema nenda asubuhi, urudi kulala Lhonak.

Na jamani, "nilishafika Uhuru" si kinga ya ugonjwa wa kimo. Kilimanjaro unagusa mita 5,895 na kushuka siku hiyohiyo. Huku unalala juu ya mita 4,000 usiku baada ya usiku, na mwili uliozoea mwaka jana umeshasahau. Supu ya kitunguu saumu haiuzuii ugonjwa huo, ni chakula tu. Dawa ya asetazolamaidi miligramu 125 asubuhi na jioni husaidia, ila muone daktari kwanza.

Mwenye kichwa kinachouma mtembezeni kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, ubongo unavimba. Anayehema hata akiwa amekaa, mapafu yanajaa maji. Wote wawili washushwe mara moja, hata usiku, wakiwa na mtu. Helikopta haiji gizani wala kwenye ukungu. Bima itaje mita 6,000 na uokoaji wa helikopta, na namba yake ya dharura iandikwe kwenye karatasi: baridi ya Lhonak humaliza betri ya simu.