Je, wajua kwa nini pikipiki iliyobeba abiria hukataa kona?

Kwenye kona yoyote kati ya Malindi na Watamu, mwendeshaji wa bodaboda aliye peke yake huiona pikipiki yake ikimtii. Akipakia abiria na gunia la mkaa nyuma, pikipiki ileile, kwa mwendo uleule, husogea nje ya mstari wake na kuelekea upande wa magari yanayokuja. Wengi hudai kwamba ni uzito, na jibu hilo ni nusu tu ya ukweli.

Uzito wenyewe haumo katika hesabu ya kona. Kiasi ambacho pikipiki hulazimika kulala hutegemea mwendo na ukali wa kona: katika kona yenye nusukipenyo cha mita 30, mwendo wa kilomita 40 kwa saa hudai mlalo wa digrii 23 hivi, na kilomita 60 kwa saa hudai digrii 43 hivi, awe mwendeshaji amepakia au hakupakia. Kinachobadilika kwa mzigo ni mkao wa pikipiki. Springi za nyuma hubonyea, mkia hushuka, foki za mbele, zile nguzo mbili zinazoshika gurudumu la mbele, hulala zaidi kuelekea nyuma, na usukani huwa mzito kugeuka. Tena mzigo uliokaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma huipunguzia mbele uzito wake, hata tairi la mbele, ambalo ndilo linaloongoza, likawa linaikandamiza lami kwa nguvu ndogo kuliko kawaida.

Dawa ya kwanza imo chini ya springi za nyuma, nayo ni ile pete yenye ngazi inayozungushwa kwa spana ya ndoano. Hapa pana imani iliyoenea hata kwa mafundi, kwamba kupandisha pete huifanya springi kuwa ngumu. Sivyo. Springi ya kawaida inayobonyea sentimita 1 kwa kila kilo 20 itaendelea kubonyea hivyohivyo; pete huinua tu mahali inapoanzia, na hivyo kuurudisha mkia kwenye kimo chake. Kipimo chake si cha kubahatisha. Inua gurudumu la nyuma lining'inie, pima kutoka ekseli hadi alama iliyo juu yake mkiani, kisha pima tena mwendeshaji akiwa amekaa na mzigo wake wa kawaida. Tofauti ya vipimo hivyo inafaa iwe kati ya robo na theluthi ya urefu wote ambao gurudumu la nyuma huweza kusafiri juu na chini. Ikizidi hapo, panda ngazi moja, na pete zote mbili, ya kushoto na ya kulia, ziwe sawa. Sheria ya Kenya huruhusu abiria mmoja tu, na hata yeye anatosha kuifanya kazi hii iwe ya lazima.

Springi pekee haitoshi, kwa sababu ikiachwa huru huruka na kurudi. Mafuta yaliyo ndani ya shokomzoba na foki ndiyo huizuia. Ibonyeze mbele ya pikipiki kwa nguvu uiachie: ikipanda mara moja ikatulia, mafuta yangali na kazi, ikicheza, tairi litakuwa linarukaruka kwenye lami mbovu, na tairi lisilogusa lami haligeuzi chochote. Mchanga wa pwani, uliotapakaa hadi barabarani, hunata kwenye foki na kuzikwangua sili zake, yaani mipira inayozuia mafuta yasivuje, kwa hiyo kuzifuta foki kila jioni si usafi wa kujionyesha.

Sasa matairi. Mshiko wa tairi ni kama kipato cha siku cha bodaboda: ukishamlipa mwenye pikipiki, kinachobaki ndicho cha nyumbani. Mshiko uliotumika kufunga breki haupatikani tena kwa kona, ndiyo maana mwendo hupunguzwa kabla ya kuingia. Safari nyingi za barabara iliyonyooka hulila tairi katikati likawa bapa, na tairi la namna hiyo hugoma kulala, kisha huanguka ghafla kwenye ukingo wake. Upepo mdogo hulifanya liyumbe na kupata joto. Uliozidi hupunguza eneo linalogusa lami. Upimwe asubuhi, kabla ya safari, tairi likiwa baridi.

Kwa anayeingia njia za mchanga upande wa Langobaya, meno makubwa husaidia, lakini kwenye lami meno hayo hupinda na kuteleza. Anayeshinda mjini achague meno mafupi yaliyokaribiana. Asome pia tarakimu nne ubavuni: 2323 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2023, na tairi lililokaa miaka mingi juani dukani huwa gumu hata kama halijagusa barabara.

Kosa linalonishangaza zaidi ni kununua tairi jipya la nyuma na kuliacha la mbele likiwa kipara. La nyuma likiteleza, mwendeshaji mara nyingi huwa na nafasi ya kujiokoa. La mbele likiteleza katikati ya kona, nafasi hiyo ni nadra.