Je, wajua kwa nini shujaa mtoto katika riwaya za kihistoria huwa yatima?

Chukua riwaya kadhaa za kihistoria zilizoandikwa kwa wasomaji wa miaka 9 hadi 13, zile za njaa, vita, utumwa au safari za kulazimishwa. Mara nyingi, kabla ya sura ya tatu, mama ameshakufa, baba amepotelea baharini, na bibi naye ameanza kukohoa. Mtu mzima anayemsomea mtoto kitabu cha namna hiyo huulizwa mapema: mbona kila mtu kafa? Jibu la kawaida ni kwamba zamani ndivyo ilivyokuwa. Maradhi yalikuwa mengi, watu walikufa vijana, watoto wakabaki. Lina ukweli kiasi, ila halielezi kwa nini mtunzi, aliyekuwa huru kuchagua mtoto yeyote wa zama hizo, alimchagua huyu.

Sababu kubwa ni ya kiufundi. Fikiria mtoto wa miaka 10 anayepanda daladala na mama yake kutoka Mbagala kwenda Kariakoo. Mama ndiye mwenye nauli, mama ndiye anayegombania chenji na konda, mama ndiye anayejua kituo. Mtoto anatazama dirishani, na akifika hana la kusimulia. Sasa mpandishe peke yake. Barabara ni ileile na foleni ni ileile, lakini noti imo kiganjani mwake na inaweza kudondoka. Lazima aamue amuulize nani, aseme "shusha" wakati gani, na afanyeje akipitilizwa. Akikosea, hakuna wa kumrekebisha. Akipatia, sifa ni yake. Kila kilichokuwa kazi ya mama kimekuwa uamuzi wake, na riwaya hujengwa kwa maamuzi ya mhusika. Mtunzi anayewaondoa wazazi mapema anamkabidhi mtoto nauli, basi.

Si lazima waondolewe kwa kifo. Kati ya Desemba 1938 na kuanza kwa vita mwaka 1939, watoto wapatao 10,000, wengi wao Wayahudi, walipelekwa Uingereza kutoka Ujerumani na nchi jirani, na wengi waliwaacha wazazi wakiwa hai. Riwaya kuhusu watoto hao hutumia umbali badala ya kaburi: barua zinakuja, zinapungua, zinabaki zile za Msalaba Mwekundu zilizoruhusiwa maneno 25 tu, kisha kimya.

Lile jibu la "zamani ndivyo ilivyokuwa" linavunjika vibaya zaidi Marekani, kwenye treni za yatima. Mwaka 1853 mchungaji Charles Loring Brace alianzisha New York shirika la Children's Aid Society. Mwaka uliofuata kundi la kwanza la watoto lilipelekwa Dowagiac, Michigan, wagawiwe kwa familia za wakulima. Mpango huo, ulioigwa na mashirika mengine, ukaendelea hadi 1929. Kila shirika lilikuwa na madaftari yake na mtoto mmoja angeweza kuhamishwa nyumba kadhaa, kwa hiyo idadi hutolewa kwa makadirio: kati ya watoto 200,000 na 250,000. Treni ilipofika mji mdogo, watoto walipangwa mstari kanisani, mahakamani au katika ukumbi wa maonyesho, watu wakaja kuchagua. Wapo waliokumbuka uzeeni jinsi wageni walivyowabinya misuli na kuwatazama meno.

Na wengi wa yatima hao hawakuwa yatima. Walikuwa na mzazi mmoja hai, na baadhi walikuwa na wote wawili. Hata kwa kipimo cha sheria ya Kiislamu, inayomhesabu yatima mtoto asiyebaleghe aliyefiwa na baba ijapokuwa mama yupo, hesabu bado haitimii. Walikuwemo watoto wa baba mlevi, wa mama mgonjwa, wa wahamiaji waliokosa kazi, na wavulana wakubwa waliotaka wenyewe kwenda kutafuta ajira mashambani. Katika treni moja ya mwaka 1859 iliyokwenda Indiana walikuwemo wavulana wawili, Andrew Burke na John Brady. Burke alikuwa yatima kamili. Brady alikuwa amemtoroka baba yake. Wote wawili waliishia kuwa magavana, Burke wa North Dakota na Brady wa Alaska. Mtunzi angeandika hivyo, mhariri angemwambia apunguze chumvi.

Mzazi alimwachaje mwanawe aende? Kwa wengi jibu ni pesa. Mjane aliyefanya kazi ya kufua au kushona kutwa hakuwa na mahali pa kumwacha mtoto wala posho ya serikali. Jimbo la kwanza kupitisha sheria ya posho kwa akina mama wa namna hiyo, Illinois, lilifanya hivyo mwaka 1911. Miaka miwili kabla yake, mkutano ulioitishwa Ikulu ya Marekani na Rais Theodore Roosevelt ulikuwa umetamka kwamba mtoto asiondolewe kwao kwa sababu ya umaskini peke yake. Kauli kama hiyo haitolewi mahali ambapo jambo halitendeki.

Hapo ndipo yatima wa riwaya anapoonekana kwa sura nyingine. Tunadhani mtunzi ameua wazazi ili hadithi iwe nzito. Kwa maoni yangu ameifanya nyepesi. Kifo cha homa hakina wa kulaumiwa. Mtoto analia, anafuta machozi, safari inaanza. Mama aliye hai ambaye amemkabidhi mwanawe kwa shirika analeta maswali yasiyofutika haraka: nani aliamua, nani alifaidika na mikono ya mtoto shambani, mbona hakuna aliyempa mama ile nauli ya treni akalipia kodi ya chumba?

Wakati mwingine uyatima haukutungwa na mwandishi bali na ofisi. Miongoni mwa watoto waliopelekwa Australia kutoka Uingereza baada ya Vita vya Pili, wapo walioambiwa kwamba wazazi wao wamekufa, kumbe wako hai. Serikali ya Australia iliomba radhi Novemba 2009, ya Uingereza Februari 2010.

Msomaji wetu mdogo huenda asishangazwe na mzazi aliye hai lakini hayupo. Darasani kwake yuko anayelelewa na bibi kijijini wakati mama anafanya kazi Dar es Salaam, Nairobi au Muscat. Anajua kwamba kupelekwa kwa shangazi hakumfanyi mtu yatima, na anajua pia kwamba kuna shangazi na shangazi. Kwa hiyo sioni haja ya kumficha sehemu hiyo ya historia, ingawa umri una uzito wake: wa miaka 8 anaweza kusoma kisa kama kilivyo, na wa miaka 12 anafaa kuulizwa, "Kama mama yake angekuwa hai, angekuwa wapi katika sura hii?"

Waandishi wengi wa riwaya hizi huweka kurasa chache za maelezo ya kihistoria mwishoni. Watoto huziruka, maana hadithi imekwisha na herufi ni ndogo. Anayewasomea azisome kwa sauti. Mara nyingi ndimo wazazi wanamofufuka.