Asilimia 15 za redevansi: pesa za komine, si za burgumestre wala za kartie

Hapa Lubumbashi, kila bajeti inapokaribia, ofisi za komine (sehemu za mji zinazoongozwa na burgumestre) zinapokea ulizo moja: "Pesa zetu za redevansi ziko wapi?" Ni ulizo la haki. Lakini wengi wanachanganya pesa mbili zisizofanana.

Redevansi, yaani mrabaha wa madini, inahesabiwa juu ya thamani ya mzigo unapotoka mgodini au kiwandani, kampuni ipate faida au isipate. Shaba inalipa asilimia 3.5, kobalti, iliyotangazwa madini ya kimkakati mwaka 2018, inalipa 10. Sheria ya madini nambari 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018 inaigawanya hivi: serikali kuu 50, jimbo 25, komine, sekta au usultani wa mahali pa uchimbaji 15, na mfuko wa vizazi vijavyo 10. Kwa mzigo wa shaba wa dola 1,000,000, mrabaha ni dola 35,000, na fungu la komine ni 5,250. Mzigo wa kobalti wa bei hiyo hiyo unailetea komine 15,000.

Sheria inafuata mahali pa uchimbaji, si mahali wafanyakazi wanapolala. Kwa hiyo Kamalondo, isiyo na mgodi, haina fungu. Tumelieleza hili mara nyingi. Kartie, yaani mtaa ndani ya komine, nayo haina bajeti yake kisheria, basi barua za machefu wa kartie za kudai "sehemu yao" haziwezi kupata jibu lingine.

Pesa ya pili ni dotasyo, mchango wa kampuni kwa miradi ya jamii: angalau asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni kwa mwaka. Hii haiingii komine. Inasimamiwa na chombo ambamo kampuni na jamii zinazozunguka mgodi zinakaa pamoja. Shule iliyojengwa kwa dotasyo haifuti hata dola moja ya redevansi. Kampuni ikisema "tumeshalipa, tazameni ile shule", komine isikubali.

Zamani fungu la mahali pa uchimbaji lilipitia hazina ya serikali kuu. Sasa kampuni inalipa moja kwa moja kwenye konti ya banki iliyoonyeshwa na komine. Hapo ndipo makosa yanapoanza. Tazama bordero ya banki, yaani karatasi ya malipo: jina la mwenye konti liwe la komine, si la mtu; madini, mwezi na kiasi vilingane na tani zilizotoka. Kisha kiasi hicho kiandikwe katika mapato ya bajeti, baraza la komine lipige kura juu ya matumizi (sheria nambari 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008), na kazi itangazwe kwa zabuni kulingana na sheria nambari 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010. Pesa ikitolewa kabla ya kura, mtaro unalipwa na hauchimbwi, na hakuna karatasi ya kumuuliza mtu.

Washauri wa komine, wanaokaa katika baraza hilo, walichaguliwa tarehe 20 Desemba 2023. Hao ndio wa kuulizwa, si mlinzi wa geti la mgodi. Mwombe mshauri wako nakala ya bordero na ukurasa wa mapato, uvilinganishe na ripoti za ITIE (mpango wa kimataifa wa uwazi katika madini na mafuta), zinazoonyesha malipo ya kampuni.

Afisa anayegeuza pesa hizo kuwa zake anakabili kifungu cha 145 cha sheria ya makosa ya jinai: kazi ngumu ya mwaka 1 hadi miaka 20. Aliyeagizwa kutoa pesa bila kura ya baraza adai agizo hilo kwa maandishi.