Sanaa ya Kuguswa: Nukta Nundu Si Mapambo

Tangu tuanze kupokea kazi za sanaa ya kuguswa kwa maonyesho ya Januari 4, Siku ya Nukta Nundu Duniani, tumerudisha kazi nyingi kwa sababu ya nukta nundu (breli), yaani maandishi ya nukta zilizoinuliwa ambayo wasioona husoma kwa vidole, na malalamiko yamefuata. Naomba nieleze sababu.

Herufi ya nukta nundu lazima itoshee chini ya ncha ya kidole kimoja. Kati ya nukta na nukta ni takriban milimita 2.5, na kimo chake kama nusu milimita. Kazi moja ililetwa na nukta za gundi kubwa kama kunde. Mwenzetu asiyeona, anayetukagulia maandishi, aliipapasa mara mbili, akasema anagusa vifungo vya shati, si herufi. Iliniuma, kwa sababu msanii alikuwa amejitahidi.

Kosa hili la kuandikia macho badala ya vidole ni la zamani. Valentin Haüy, aliyefungua shule ya wasioona Paris miaka ya 1780, alichapa vitabu kwa herufi za kawaida zilizoinuliwa. Wanaoona walizipenda, ila vidole vilizifuata kwa shida, na mwanafunzi hakuweza kuziandika mwenyewe. Louis Braille alivisoma vitabu hivyo. Alipofuka utotoni baada ya kujichoma jicho kwa msharasi, chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, katika karakana ya baba yake, na mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alishapanga nukta zake sita.

Utaratibu wetu ni huu. Msomaji hukagua maandishi, kisha fundi hukagua kingo kali na rangi inayochuja. Anayetumia sleti, kibao cha kuchomea nukta kwa mkono, akumbuke kuchoma kutoka kulia kwenda kushoto, ndipo ageuze karatasi. Akisahau, e itasomeka i, na d itasomeka f. Kazi yenye kosa hurudishwa kwa marekebisho mara moja tu. Ikirudi na kosa lilelile haipokelewi tena msimu huu, na ada hairejeshwi. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu kunakili machapisho kwa ajili ya wasioona, nao unahusu maandishi na vielelezo vyake. Hauruhusu kunakili sanamu ya mwenzako.

Tena, nukta nundu si lugha, tumeshasema sana. Ni maandishi, na Kiswahili huandikwa kwayo. Wala kumfunga mgeni kitambaa machoni dakika tano hakumwonyeshi maisha ya asiyeona. Humtia hofu ya giza tu.

Kabla ya kumwaga gundi kwenye kazi nzima, leteni mstari mmoja wa majaribio. Msomaji wetu yupo Jumanne na Alhamisi asubuhi.