Figo ya mama haigeuki kuwa ya mtoto, acheni kuwapunguzia watoto dawa

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Mama kaja kliniki na binti yake wa miaka 13, ambaye alimchangia figo yake, kakaa, kafungua pochi, ananiambia kwa furaha kabisa, "Dokta, huu mwaka wa tano sasa, si mwili umeshaizoea figo? Tumeanza kumpunguzia taratibu, dozi ya usiku hanywi tena." Nikaomba daftari la vipimo. Kreatinini, ile taka ya damu inayopanda figo ikichoka, mara ya mwisho ilikuwa 78, majibu ya asubuhi hiyo 140. Na binti hana dalili hata moja jamani, anakula, anacheka, mkojo unatoka kama kawaida.

Mwili HAUZOEI figo. Sijui niseme kwa lugha gani, maana hili nalisikia kwa wazazi, kwa mashangazi, hadi kwa wahudumu wenzangu wa zahanati. Ile figo ilitoka kwa mama na itabaki ya mama hata ikikaa kwa mtoto miaka 20, chembe zake zina alama za mama, na mtoto alichukua nusu tu ya alama hizo, nusu nyingine ni ya baba. Sasa kinga ya mtoto inatengeneza askari wapya kila siku, na kila askari mpya akipita pale anakuta mgeni. Kinachomzuia asishambulie ni takrolimasi, dawa ya kushusha kinga, iliyoko kwenye damu saa hiyo, sio ile ya mwaka jana. Ndo maana tunasema saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, dawa ikishuka mlango uko wazi. Na mwili ukianza kuikataa figo mara nyingi hauumi popote, kreatinini inapanda kimya kimya, siku mtoto anavimba uso sehemu ya figo imeshaharibika na hairudi.

Kuna mtu alinitumia habari ya Johanna Rempel, mwanamke wa Kanada, kama ushahidi kwamba inawezekana bila dawa. Habari ni ya kweli, naipenda hata mimi, alipandikizwa Boston mwezi wa 12 mwaka 1960 akiwa na miaka 12, akaishi na figo ile miongo mingi, yeye na dada yake aliyemchangia wote wakapata watoto wenye afya. Lakini dada yake ni pacha wa kufanana! Alama zao ni zile zile, askari hawaoni mgeni. Mtoto wako kapewa figo ya mama, au ya baba mdogo, hiyo ni hadithi nyingine kabisa.

Dozi tunazipunguza, ndio, hasa miezi ya mwanzo, ila tunapunguza sisi kwa kuangalia kiwango cha dawa kwenye damu, sio nyumbani kwa kuangalia mtoto amenenepa.

Na umri unaoniogopesha zaidi ni huu wa ujana, kuanzia kidato cha kwanza mpaka miaka ya ishirini na kitu, figo nyingi zinapotea hapo. Mtoto kaenda bweni, anameza vidonge kwa saa maalum, wenzake wanasema ana ngoma, basi anaanza kuvificha, mara anaruka. Nilimpata mmoja anameza bila maji chooni ili asionekane. Hajawa mkorofi huyo, anaona aibu. Hospitali ya Muhimbili wenyewe wameanza kupandikiza Novemba 2017, hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma 2018, kabla ya hapo wengi walikuwa wanapelekwa India, kwa hiyo walimu wengi hawajawahi kumuona mtu aliyepandikizwa. Nendeni shuleni, ongeeni na matroni ana kwa ana, mwacheni mtoto achague rafiki mmoja wa kumwambia. Alamu iwe kwenye saa ya mkononi maana simu bweni haziruhusiwi, na dawa za siku tatu zikae kwenye begi muda wote, gari likiharibika njiani usiku dozi ipo. Hili la siku tatu nalirudia kila kliniki na nitaendelea kulirudia. Na siku ya kupima kiwango cha dawa msimpe dozi ya asubuhi kabla hajatolewa damu, njooni nayo mkononi.

Mengine haraka haraka.

Eti dawa za mitishamba za kuongeza kinga zitamsaidia. Sisi tunashusha kinga kwa makusudi, wewe unaipandisha, mnapigania nini? Balungi pia hapana, linapandisha takrolimasi mpaka inakuwa sumu. Rifampisini ya TB inaishusha vibaya sana, kwa hiyo popote mtoto anapotibiwa semeni kwanza amepandikizwa. Diklofenaki na ibuprofeni, zile dawa za maumivu za duka la dawa, mziache huko huko dukani.

Eti figo ya mtu mzima haimtoshi mtoto. Inatosha, hata kwa mtoto mdogo, inawekwa tumboni na inafanya kazi.

Eti figo za zamani zilitolewa. Mara nyingi zinaachwa mahali pake, kwa hiyo msishtuke ultrasaundi ikionyesha tatu.

Eti binti hatazaa. Wengi wanazaa. Asubiri angalau mwaka mmoja toka upasuaji, figo iwe imetulia, presha iko sawa, na mikofenoleti, dawa nyingine ya kushusha kinga, ibadilishwe wiki 6 au zaidi kabla ya kushika mimba kwa sababu inaharibu mtoto tumboni. Kwa hiyo ongeeni nao mapema, sio siku ya kuvishwa pete.

Eti asicheze. Hili binti wa wiki iliyopita aliniuliza mwenyewe, mama ametoka kwenda maabara, akasogea karibu, "Dokta, netiboli je?" Nikamwambia cheza, kuna mashindano ya dunia ya waliopandikizwa tangu 1978, watu wanakimbia na kuogelea. Ndondi na karate ndo hapana, figo yako iko mbele, chini ya tumbo, haina mbavu za kuikinga. Akashika pale kwenye kovu, akauliza kama Jumamosi kuna ruhusa, wanacheza na shule ya jirani. Nikampa ruhusa ya Jumamosi na dozi ya saa 2 usiku nikaiandika upya kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu.