Ua Adimu Halilindwi kwa Uzio Peke Yake

Wengi huamini kwamba mmea adimu hulindwa kwa kuuzungushia uzio na kuuacha bila kuguswa. Kwa Trifolium stoloniferum, klova ya Marekani yenye maua meupe, ambayo ni ya jamii ya mikunde na huishi miaka mingi, ulinzi wa namna hiyo unaweza kuiangamiza. Klova hii huenea kwa mashina yanayotambaa na kutoa mizizi, nayo huhitaji mwanga wa wastani pamoja na udongo unaovurugwa kidogo mara kwa mara, kazi ambayo inaaminika ilifanywa zamani na makundi ya nyati wa Amerika, waliokula majani na kukanyaga vichaka. Nyati hao walipomalizwa na mashamba yakapanuliwa, klova ilipungua hata ikadhaniwa imetoweka, mpaka ilipoonekana tena West Virginia katika miaka ya 1980. Serikali iliiorodhesha kuwa hatarini mwaka 1987, ikaiondoa kwenye orodha hiyo mwaka 2021. Ajabu ni kwamba baadhi ya makundi yake hustawi kando ya njia za kuburutia magogo. Hata hivyo, uvurugaji unaosaidia ni ule wa kiasi; malisho yakizidi, au msitu ukifyekwa wote, klova hufa vilevile.